Kikombe cha hedhi kimenitoa jasho mwezi wa kwanza, nirudi kwenye pedi za kutupa?

Bi Mashaka:
Wadada, habari zenu. Nimetumia pedi za kutupa tangu nivunje ungo, miaka 19 sasa. Kila mwezi ikifika siku ya tatu ngozi inachubuka, vipele vinatoka palepale pedi inapogusa, na siku ya nne natembea kama niliyeendesha baiskeli isiyo na kiti.

Mwezi uliopita nikasema liwalo na liwe. Nikanunua kikombe cha silikoni, kile cha kuingiza ukeni kikinge damu, na pedi nne za kitambaa. Zile za kutupa zilizobaki nikampa mdogo wangu zote, nisipate pa kurudia. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Kukiingiza haikuwa kazi sana. Kimbembe kukitoa! Nilichutama bafuni karibu nusu saa, nakivuta kile kimkia, kikombe nacho kinanivuta mimi. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia daktari. Mwishowe kikachomoka ghafla, bafu likawa machinjio. Kesho yake kikavuja kazini, tena hakijafika hata nusu. Pedi za kitambaa nikaziloweka kwenye maji ya moto ili ziwe safi kabisa. Madoa yameganda mpaka leo, na zina harufu.

Naombeni msaada: hiki kitu kinaweza kupotelea ndani? Kwa nini kinavuja kabla ya kujaa? Na hii harufu? Mume wangu anasema nirudi nilikotoka. Sikumuuliza, lakini kasema.

Mama Wawili:
Pole shoga, ingawa hilo machinjio limenichekesha. Mimi natumia mwaka wa sita huu na bafu langu limeyaona hayo.

Hakipotei. Uke una mwisho. Juu kabisa upo mlango wa kizazi, na kitundu chake ni kidogo mno, kikombe hakipiti. Kinachotokea ni kupanda juu, na ukiingiwa na hofu misuli inakaza, basi kinazidi kukwama. Chutama, pumua, sukuma taratibu kama unayekwenda haja kubwa. Kitashuka.

Kosa lako ni kuvuta mkia. Kikombe kinashika kwa kufyonza, kwa hiyo ukivuta bila kuingiza hewa unashindana nacho. Ingiza kidole gumba na cha shahada, minya kitako chake mpaka usikie kimelegea, ndipo ukishushe ukikiyumbisha huku na huku. Mkia ni wa kukuonyesha njia tu. Mimi wangu niliukata mwezi wa pili (kikombe kikiwa nje, jamani!) kwa sababu ulinichoma kila nikikaa.

Kuvuja kabla ya kujaa, mara nyingi ni kwamba hakikufunguka ndani. Zungusha kidole kwenye kitako. Ukigusa bonde, kizungushe kidogo kifunguke. Badilisha na mkunjo. Wengi tunaanza na ule unaofanana na herufi C. Mimi ulinishinda, nikapona kwa ule wa kubonyeza ukingo mmoja kwenda ndani mpaka kikombe kinachongoka kama ua ambalo halijachanua. Ukitaka kilainishi, tumia cha maji, maana kile cha silikoni kinaweza kuharibu kikombe.

Na usitishwe na ile damu ya sakafuni. Watu wengi hupoteza kama mililita 30 hadi 40 tu kwa hedhi nzima, ila ikichanganyika na maji ya bafuni inaonekana ndoo. Lakini anayejaza kikombe kila baada ya saa moja au mbili asihangaike kubadilisha mikunjo. Aende akapimwe.

Kisikae zaidi ya saa 12, na soma maelezo ya kwako, vingine wanasema 8. Ule ugonjwa wa sumu ya bakteria uliotangazwa sana miaka ya 1980 mwanzoni kwa watumiaji wa tamponi (ile pamba ya kuingizwa ukeni) umewahi kuripotiwa hata kwa kikombe, japo ni nadra sana. Homa ya ghafla, kutapika, ngozi nyekundu kama imeungua na jua: kitoe, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Hedhi ikiisha kichemshe kama dakika 5. Kipe sufuria yake peke yake.

Fundi Cherehani:
Mimi nashona hizi pedi, kwa hiyo niachieni hiyo harufu. Maji ya moto ndiyo yaliyokuponza. Damu ina protini, na joto linaigandisha kwenye nyuzi kama ute wa yai kwenye kikaango. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke bila rangi, ndipo utie sabuni. Kilainisha nguo weka mbali, kinaacha utando, halafu pedi inakataa kunyonya na unamlaumu fundi.

Harufu inatokana na kuanika uvunguni. Hukusema, lakini najua, nilifanya hivyo mwenyewe miaka miwili. Pedi yenye tabaka lisilopitisha maji haikauki gizani. Itoe juani. Ukiona haya, tandaza kitambaa chepesi juu yake, jua litapenya tu.

Msomaji wa Kimya:
Nyongeza fupi kwa wenye kitanzi cha uzazi wa mpango. Mimi nilivuta kikombe bila kuminya, na kitanzi kikaja nacho. Zungumza na aliyekuwekea kabla hujaanza.

Shangazi:
Wanangu, mtu asilazimishwe. Mwaka 2019 jarida la Lancet Public Health lilichapisha mapitio ya tafiti 43 kuhusu vikombe, na kati ya walioulizwa, kama asilimia 73 walitaka kuendelea navyo. Hiyo 73 naletewa kila nikifungua mdomo. Mimi ni wa ile 27. Nilijaribu miezi mitano, nikakigawa… hapana, nilikitupa, vitu hivi havigawiwi! Sasa navaa kitambaa nikiwa nyumbani, na nikisafiri nabeba za kutupa, maana sina hamu ya kutembea na pedi mbichi kwenye mkoba. Mashaka, kosa lako ni kugawa akiba yote siku moja. Kikombe anza nacho siku ukiwa nyumbani, tena uvae na kitambaa chini yake.

Bi Mashaka:
Narudi baada ya miezi miwili. Kuminya kitako ndiyo dawa, sasa kinatoka kabla sijahesabu ishirini. Mkunjo wa C nimeuacha, huo wa ua umekubali. Kilivuja mara moja, usiku, na kitambaa kikadaka. Vipele sijaviona. Pedi mbili madoa hayatoki tena, basi, ni zangu hizo. Nyingine zimekaa juani na harufu imekwisha.

Shangazi, mdogo wangu kanirudishia pakiti moja, ipo kabatini.

Mume wangu juzi kaulizia sufuria ndogo ya bluu iko wapi. Nimemwambia asiitafute.