Mada: Faili la guka, na ofisi inayotaka cheti cha kifo

Njambi, Luton:
Hamjambo nyote. Guka wangu, baba yake baba, alizolewa Nairobi kwenye msako wa Waingereza wa Aprili 1954, ule wa Anvil wakati wa vita vya Mau Mau, akapelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani. Cucu, mke wake, alituambia alirudi mkono mmoja haukunjiki, akafa kabla ya uhuru. Niliomba nakala za faili lake kwenye ofisi moja, wamejibu nithibitishe kwamba mimi ni mjukuu: cheti chake cha kifo, na cha kuzaliwa cha baba. Baba anacho, cha kuandikishwa akiwa mtu mzima, guka humo ni Kariuki. Kwenye karatasi ya kizuizini aliyoitunza shangazi ni "Kariuke s/o Mwange", yaani mwana wa Mwange. Cheti cha kifo hakikuwahi kuwepo. Kuna aliyekubaliwa kwa kiapo cha wakili na barua ya chifu?

Mzee Macharia, Reading:
Binti yangu, achana na hao. Nenda Hanslope Park, ghala la wizara yao ya mambo ya nje, huko ndiko walikoficha kila kitu.

Wambui, Leeds:
Mzee, kwa heshima zote, usimpoteze. Hanslope hakupokei msomaji. Faili zilizofichuka 2011, wazee wetu walipoishtaki serikali ya Uingereza, zilihamishiwa Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Zimo kwenye fungu lenye alama FCO 141, zilianza kufunguliwa 2012. Njambi, kadi ya msomaji ni bure, unapiga picha kwa simu yako, na hakuna anayekuuliza ukoo. Pitia na fungu la CO 822 pia, la Wizara ya Makoloni. Lakini nyingi ni barua za wakubwa wao kwa wao, mfungwa wa kawaida hatajwi. Tafuta kwa kambi na wilaya, usitafute kwa jina. Karani aliandika alivyosikia. Guka wangu ana tahajia tatu ndani ya faili moja, nilimjua kwa namba ya kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, na jina la chifu wa lokesheni yetu.

Otieno, Leicester:
Mbona hamumwambii kuhusu fidia? Uingereza ililipa 2013.

Wambui, Leeds:
Ililipa wadai 5,228, pauni milioni 19.9, ikaisha. Kesi iliyofuata ilikuwa na watu zaidi ya 40,000, nayo ikaanguka 2018. Isitoshe Njambi hakuuliza pesa.

Mama Ciku, Nottingham:
Njambi mwanangu, kama aliwahi kufikishwa mahakamani, Kew hutampata. Uliza Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, mafaili yenye alama MLA. Humo mna kesi za Hali ya Hatari, kipindi cha vita vya Mau Mau, za watu walioshtakiwa makosa ya kunyongwa, maana hata kukutwa na risasi ilitosha. Walionyongwa walipita 1,000.
Mimi nilikuwa namtafuta kaka mkubwa wa mama. Karatasi nyembamba za taipu, mashahidi mmoja baada ya mwingine, maswali ya jaji yamefupishwa kwa kalamu pembeni. Maneno yake mwenyewe hayajai nusu ukurasa: kwamba koti halikuwa lake. Nilipofika kwa shahidi wa pili nikaona jina la jirani yetu. Wajukuu wake nimesoma nao, tumezikana. Nililifunga lile faili nikatoka nje. Mpaka leo sijamwambia mama, na sijui kama nina haki ya kumficha. Kwa hiyo kabla hujafungua chochote, kaa na shangazi yako umuulize nani alikuwa homugadi, mgambo wa upande wa Waingereza, huko kwenu.

Mzee Macharia, Reading:
Mama Ciku umesema kweli. Ila mnasahau ardhi. Wakati wanaume wako kizuizini ndipo mashamba yalipounganishwa na kupimwa upya, na waliokaa kwenye kamati ni waliobaki nyumbani. Baba alirudi kutoka kambi ya Mackinnon Road akakuta shamba la mtoni lina mwenyewe. Njambi, mtu wako aende ofisi ya ardhi aombe kuona kadi ya kijani, ile rekodi ya wamiliki, ya kipande chenu cha shamba. Aliyeandikwa wa kwanza ataonekana. Hii ndiyo siasa ya Kenya mpaka leo, mengine yote ni mapambo.

Otieno, Leicester:
Mzee, tusiingize siasa. Na si Mlima Kenya peke yake palipoumia.

Mzee Macharia, Reading:
Siasa imeingia siku waliyompima baba shamba akiwa hayupo.

Mama Ciku, Nottingham:
Jamani, taratibu. Dada yangu amenipigia asubuhi, mvua imeshika huko, wanapanda maharagwe. Nilisikia matone kwenye mabati mpaka nikashindwa kuongea.

Njambi, Luton:
Asanteni sana wote. Shangazi nitampigia Jumapili, na kadi ya kijani binamu ataifuatilia. Lakini hao wa ofisi wamenipa muda wa kujibu. Kiapo na barua ya chifu, kuna waliyemkubalia?

Otieno, Leicester:
Mzee Macharia, hilo shamba la mtoni liko upande gani? Mama mkwe wangu ni wa Othaya.