Neno "shed" lilikuumbua wapi? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu, naanza mwenyewe. Form two ticha wa English kaandika ubaoni "baobab trees shed their leaves", kauliza nani anajua maana, mi huyo mkono juu. Baba alikuwa kibarua bandarini Dar na kule maghala wanayaita shed, so nikajibu kwa sauti kabisa mibuyu ina banda la majani. Darasa lilivunjika, na wale wana mpaka leo wananiita Banda. Kumbe ni maneno mawili tofauti, yameandikwa sawa tu. Na hili la kuachia vitu linasumbua maana Kiswahili chake kinategemea nini kinaachiwa, miti inapukutisha majani, nyoka anajivua gamba, mbwa ananyonyoka manyoya, machozi yanadondoshwa, damu inamwagwa, wenzetu kote huko shed tu wamemaliza. Karibuni.

— Umenikumbusha 2011 mkuu, CCM na ile kujivua gamba yao. Nilikuwa namtafsiria mzungu mmoja magazeti, nikamwambia chama kinatoa "scales", akanitazama weee, akauliza kwani ni samaki? Ndo akanipa hiyo shed its skin.

— Mi intavyuu. Nikajisifu "I shedded ten kilos", yule mama akatabasamu tu. Haibadiliki jamani, jana shed leo shed, kama cut na put. Kazi sikupata ila sidhani ni kwa sababu ya hilo, hata CV yenyewe ilikuwa ya kuunga unga.

— Niko Ujerumani huku, talaka wanaiita Scheidung, mwalimu wetu akasema ni ukoo mmoja na shed, asili yake kutenganisha. Tangu hapo sijaisahau, na mimi mwenyewe ndo nilikuwa natoka kwenye ndoa.

— Pole mkuu. Sasa mimi 2023 nimefika Joburg, siku ya pili mwenye nyumba ananiambia leo load shedding saa kumi na mbili jioni. Load naijua ni mzigo, nikajua kuna gari inakuja kushusha, na mgeni huwezi kukaa tu wakati wenyeji wanabeba, nikavaa raba nikaenda kusimama getini. Saa kumi na mbili ikafika, mtaa mzima giza. Kumbe ni mgao wa umeme ule ule nilioukimbia nyumbani!

— 😂😂 Mkuu wa getini, mzigo ulifika?