Ushauri: Nataka kubobea kwenye fiziotherapia ya kiharusi na uti wa mgongo, akiba yangu niiweke kwenye kozi ipi?

BintiNansio

Habarini wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nipo hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Kitengo kizima tupo wawili. Mwenzangu kashikilia mifupa na migongo, kwa hiyo wa kiharusi, wa bodaboda walioumia kichwa au uti wa mgongo, na watoto wenye mtindio wa ubongo wote ni wangu. Kazi naipenda, tena hawa ndio wagonjwa ninaotaka kuwatumikia maisha yangu yote. Tatizo ni kwamba chuoni magonjwa ya neva tuliyasoma vizuri darasani, lakini wodini tulikuwa kundi kubwa limezunguka kitanda kimoja, mwalimu anaonyesha, sisi tunaandika. Mikono haikupata zamu yake.

Mfano wa juzi: mzee wa kiharusi, upande wa kushoto umepooza. Nikimkalisha ukingoni mwa kitanda anajisukuma kwa mkono wake mzima kwenda kule kule kwenye upande uliopooza. Nikimrudisha katikati anapambana nami kana kwamba namwangusha. Ndugu zake wamesimama pale wanamgombeza, "Baba, kaa vizuri!" Jina la tatizo nalijua. Cha kufanya dakika ile ndicho ninachokitafuta.

Nimejibana, nina akiba kidogo. Kuna kozi ya msingi ya Bobath (njia mojawapo ya kuwatibu kwa mazoezi wagonjwa wa neva) nje ya nchi, wiki tatu, ambayo ada, nauli na malazi vitakomba karibu yote. Kuna uzamili, ambapo akiba inatosha kuanzia tu na itabidi nitafute mfadhili. Au nijisomee mtandaoni nikiwa kazini. Mwajiri anasema ruhusa nitapata, hela hakuna. Na nina mtoto wa miaka mitatu, kuondoka muda mrefu ni mtihani.

Mliopita huko nishaurini. Ningependa mtu aniambie wazi, ungekuwa wewe ungefanya nini.

Kadogoo_Dom

Dada, nenda uzamili. Serikalini cheti cha wiki tatu hakikupandishi daraja, utarudi na mshahara ule ule. Ukiwa na shahada ya pili hata chuoni unaweza kufundisha, na mtoto atakua tu.

MdauMoshi

BintiNansio, karibu. Nitajibu kwa kirefu kidogo maana jambo hili liko moyoni mwangu. Nipo kwenye fani tangu tulipokuwa wanafunzi wa diploma pale KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, na vijana wengi wa mafunzo ya vitendo wamepita mikononi mwangu.

Tuanze na Bobath. Berta Bobath na mumewe Karel walianza kazi yao London miaka ya 1940, na kwa wakati ule walileta jambo kubwa. Wengine walikuwa wanamfundisha mgonjwa kuishi na upande mmoja, wao wakasema upande uliopooza nao ufanyiwe kazi. Heshima hiyo wanastahili. Lakini ukiuliza kama mgonjwa wa kiharusi anayehudumiwa kwa Bobath anapata nafuu kuliko wa njia nyingine, mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba) ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 96, yalijibu wazi: mazoezi yanasaidia, ila hakuna njia yenye jina iliyozishinda nyingine. PNF, njia nyingine ya mazoezi yenye jina, nayo imo humo humo.

Kinachopungua kwa wagonjwa wetu ni wingi wa mazoezi. Kuna watafiti walikaa pembeni kwenye vituo vya Marekani na Kanada wakahesabu kinachofanyika katika vipindi 312, wakachapisha mwaka 2009. Katika vipindi vya mkono, mkono uliopooza ulikuwa unafanya kazi yenye maana wastani wa mara 32 tu. Hao ni watu wenye kumbi na vifaa. Sisi huku mgonjwa akifika anachuliwa, ananyooshwa viungo akiwa amelala, anaambiwa njoo Jumanne. Ubongo haujifunzi kushika kikombe kwa kuchuliwa.

Kwa hiyo mimi kozi naipima kwa mambo mawili. Je, kuna mwalimu atakayekuangalia wewe ukimshika mgonjwa halisi na kukurekebisha papo hapo? Na je, utafundishwa kupima? Nyingi za kozi fupi siku nzima mnafanyiana mazoezi wenyewe kwa wenyewe, mtu mwenye misuli mizima anajifanya kapooza. Hapo mikono haijifunzi. Kabla hujalipa hata senti, waandikie uwaulize utashika wagonjwa wangapi na nani atakuwa pembeni yako.

Usidharau kupima. Barthel (kujihudumia), Berg (mizani ya mwili), mwendo wa mita 10, hivyo vinahitaji saa, utepe na kiti. Bila vipimo utaendelea na kitu kisichofanya kazi miezi kwa miezi kwa sababu mgonjwa anakushukuru.

Na jambo la mwisho kwa leo: elimu hii inabadilika. Tulifundishwa kwamba kumwamsha mgonjwa wa kiharusi mapema na kwa wingi ni bora siku zote. Jaribio la AVERT la mwaka 2015, wagonjwa 2,104, likaonyesha kwamba waliosimamishwa na kutembezwa kwa nguvu nyingi kuanzia ndani ya saa 24 za kwanza walifanya vibaya kidogo kuliko wa huduma ya kawaida. Mtu mwenye cheti cha zamani ukutani hawezi kulijua hilo kama hasomi.

Mtoro_Leeds

Salaam. Nafanya kazi hii Uingereza, na naomba niitetee kozi ya Bobath kidogo. Niliifanya, na faida niliyoipata ni macho. Nilijifunza kuangalia kiwiliwili kabla ya mguu, kuona bega linavyokimbia mgonjwa anapoinuka. Hayo sikuyapata kwenye kitabu. Lakini namkubali Mdau kwamba jina halitibu. Mwongozo wa kitaifa wa kiharusi wa huku wa mwaka 2023 haukuambii ufuate njia ya fulani. Unasema mgonjwa anayehitaji apate angalau saa tatu za tiba kwa siku, siku tano kwa wiki, tiba zote zikijumlishwa.

Sasa huyo mzee. Acha kumsukuma kwanza. Mwaka 2000 Karnath na wenzake kule Ujerumani waliwaweka wagonjwa wa namna hii kwenye kiti kinachoinama, bila kuona mazingira, wakagundua kwamba wanahisi wamekaa wima wakiwa wameinama nyuzi kama 18. Hisia ya mwili imehama. Macho yao hayajahama: ukiwaonyesha mlango wanajua umesimama wima. Ndiyo maana anapambana nawe, kwa mwili wake wewe ndiye unayemwangusha kweli.

Mkalishe akiwa anatazama fremu ya mlango au dirisha. Muulize, "Baba, ukijilinganisha na mlango huu, umenyooka au umeinama?" Mwache aone mwenyewe, usimjibie. Kisha weka kikombe au kofia yake upande wake mzima, mbali kidogo, ajivute kukifuata. Ukiweza, kaa wewe upande huo mzima na umwambie aje akuegemee begani. Rudia sana kabla ya kufikiria kumsimamisha. Na ndugu waelezwe kwamba hafanyi ukaidi, na kwamba kwa wengi hali hii hupungua sana ndani ya miezi sita.

MamaZawadi_Tanga

Mimi si mtaalamu, nimeona niseme upande wetu sisi tunaouguza. Mama yangu alipata kiharusi. Mahali pa kwanza tulipokwenda walikuwa wanamchua mguu na kumwekea mashine ya umeme, tunalipa, tunarudi nyumbani, hali ile ile. Baadaye tukampata kijana mmoja, Mungu amlipe. Siku ya kwanza hakumvuta mama mkono hata kidogo. Alichukua kiti, akapandisha mito miwili ya kochi juu yake mpaka kikawa kirefu. Akamkalisha, akarudisha nyayo zake nyuma ya magoti, akamwambia, "Bibi, pua yako ipite vidole vya miguu, halafu inuka." Mama akasema hawezi. Akainuka.

Akaturudishia mama na daftari. Kila akisimama na kukaa tunachora mstari, jioni mjukuu wake anahesabu kwa sauti. Ilipokuwa rahisi akatoa mto mmoja. Kisha wa pili.

Dada, ukienda kusoma tafuta watakaokufundisha hicho, namna ya kutuachia kazi ya nyumbani tunayoielewa. Kwako tunakuja mara moja kwa wiki, na nauli yenyewe ni ya kuazima. Siku nyingine zote mgonjwa yuko na sisi.

MdauMoshi

MamaZawadi, huyo kijana alifundishwa vizuri. Alibadilisha urefu wa kiti ili miguu dhaifu iweze kazi yenyewe, akapunguza msaada hatua kwa hatua. Hilo ndilo somo lote la nguvu na kurudia.

Nitoe tahadhari moja tu kwa wataalamu wanaosoma hapa. India walijaribu kuwafundisha ndugu watoe utengamao nyumbani, wagonjwa 1,250, matokeo yakatoka mwaka 2017. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti kwenye vifo wala utegemezi ukilinganisha na huduma ya kawaida. Ndugu ni wa kuongeza mazoezi ambayo mtaalamu ameyapanga, anayapima na anayabadilisha, kama kijana wa Tanga alivyofanya. Tukiwaachia ndugu kazi yote kwa sababu kitengo kina watu wawili, tunawatwisha mzigo usio wao.

Mkaazi_wa_Ngong

Nikiwa Nairobi, niseme kuhusu uti wa mgongo. Hapo mtandao unakufikisha mbali. Ingia elearnSCI, imetengenezwa na ISCoS, chama cha kimataifa cha uti wa mgongo, ni bure, na kila kada ina sehemu yake. Baada ya hapo andika barua kupitia mkuu wako uombe kukaa kidogo kwenye hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo hapa Hurlingham, uone jinsi wagonjwa wanavyofundishwa kujihamisha kutoka kitandani kwenda kitimwendo na kukagua ngozi zao wenyewe.

Wenzetu wengi wanakimbilia kumsimamisha mgonjwa kabla hawajajua hatari. Aliyeumia uti wa mgongo kwenye T6 (pingili ya sita ya kifua) kwenda juu, akianza ghafla kuumwa kichwa sana, uso umeiva, jasho, presha imepanda, hiyo ni dharura. Mkalishe wima, legeza nguo, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au kibofu kimejaa, na daktari aitwe. Hili lifundishwe kabla ya zoezi lolote.

Chole_TibaVitendo

Nachangia kutoka upande wa tiba kwa vitendo, yaani kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku. Kwa mkono wa kiharusi kuna mpango unaitwa GRASP, wa University of British Columbia, Kanada. Vitabu vyake vinapatikana bure na vifaa ni vya nyumbani: taulo, vikombe, vibanio vya nguo, maharage. Tiba ya kioo, ambapo mgonjwa anatazama mkono mzima kwenye kioo kana kwamba ndio uliopooza, nayo ina ushahidi mzuri na unahitaji kioo cha kawaida tu. Ile ya kuufunga mkono mzima ili uliopooza ulazimike kufanya kazi ni nzuri, ila chagua mgonjwa: kwenye jaribio kubwa la mwaka 2006 walitakiwa angalau waweze kuinua kiganja na kunyoosha vidole kidogo. Ukimfunga ambaye vidole havina mwendo kabisa, unamtesa.

Na popote utakapokwenda, omba ukae na watu wa kada nyingine, hasa wa usemi na kumeza. Wapo wachache sana nchini na wagonjwa wetu wanapaliwa.

BintiNansio

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno. Naona mnanielekeza nisikombe akiba kwa jina la kozi. Mdau, swali langu limebaki moja: nisipoenda nje kwa sasa, nani ataniangalia mikono? Huku tupo wawili.

MdauMoshi

Ruhusa umeshaahidiwa, itumie. Omba mafunzo ya vitendo ya wiki nne kwenye hospitali kubwa yenye wagonjwa wengi wa neva, Moshi au Dar. Utatumia nauli na chumba, akiba kubwa itabaki. Mtoto unaweza kwenda naye ukipata mtu wa kukaa naye mchana. Ukifika usikubali kuwa mtazamaji. Siku ya kwanza mwambie msimamizi, "Nataka nishike mgonjwa, wewe uniangalie, jioni uniambie."

Kwenye barua usiandike kwamba unataka kujiendeleza, andika hitaji la hospitali. Weka idadi ya wagonjwa wa kiharusi mliowaona mwaka jana kutoka kwenye rejista yenu. Ongeza utafiti wa Hai na Dar es Salaam wa mwaka 2003 hadi 2006: Dar, baada ya kusawazisha umri, walikuta viharusi vipya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Viongozi wanasikiliza namba.

Ukirudi kituoni tutaendelea kwa video. Mgonjwa atoe idhini kwa maandishi, uso usionekane, simu iwe ubavuni usawa wa nyonga, magoti yawe wazi. Nirekodie anavyoinuka kitini na hatua zake za mwanzo, pamoja na vipimo vya siku hiyo. Na uzamili wa Kadogoo usiufute, uombe mwakani. Ukiwa na vipimo vya wagonjwa wako vya mwaka mzima, mada ya utafiti utakuwa nayo mkononi, na mfadhili anakuwa na kitu cha kukisoma.

Ukimaliza kuandika barua nitumie inbox niipitie kabla hujaipeleka kwa mganga mfawidhi.