Maiki ya kiki kanisani: D112, Beta 52 au nini? Ngozi ya mbele haina tundu

Fada_Juu (Busia)
Habari zenu wakuu. Mimi ndio nashika miksa kanisani kwetu hapa Busia upande wa Uganda na kiki, ile ngoma kubwa ya drams inayopigwa kwa mguu, imenishinda. Drams zetu kiki yake ni inchi 22, ngozi ya mbele nzima haina tundu, na imeandikwa jina la kanisa kwa rangi ya dhahabu kwa hiyo mchungaji hataki kusikia habari ya wembe. Kwa sasa natumia maiki ya kuimbia, SM58, naiweka kwenye stendi fupi kama shibri moja mbele ya ngozi, na kinachotoka ni kama mtu anagonga jerikeni tupu, tap tap tap, uzito hakuna. Spika tuna mbili za inchi 15 na sabu (spika ya besi tu) moja ya 18, miksa ni ya analogi chaneli 16.

Sasa wamama wa kwaya wamechanga nimepewa laki nane ya maiki ya kiki tu. Mpiga drams wetu anataka AKG D112 kwa sababu aliiona kwenye video, rafiki yangu wa ng'ambo pale Busia ya Kenya anasema Shure Beta 52A, na mwenye duka mmoja anasema kwa hela hiyohiyo atanipa boksi zima la maiki saba za drams. Mwezi ujao tuna mkutano wa injili uwanjani, siku tatu, jenereta. Nichukue ipi? Na msiniambie ninunue miksa ya dijitali, hela ndio hiyo hiyo.

KeboNdefu (Kampala)
Ndugu karibu. Mimi nafanya kwanjula (sherehe za utambulisho wa wachumba) na harusi karibu kila wikendi na hizo zote nimezishika, wacha nikuambie zinavyolia.

D112 ina besi na ina ule mgongo wa sauti za katikati, inasikika hata bendi ikiwa na gitaa mbili na kinanda, lakini bila ekolaiza (vinobu vya kurekebisha besi, katikati na juu) nzuri inaweza kukuletea ile sauti ya boksi. Beta 52A ni supakadioidi, haichukui sana vitu vya pembeni, chini imejaa na juu kidogo kuna mdundo wa nyundo ya pedali, na ile stendi imeungana na mwili wake hailegei ovyo. Audix D6 ndio ya wavivu kama mimi, katikati imeshakatwa kiwandani, unafungua tu fada (kitelezi cha sauti kwenye miksa) na kiki inasikika kama ya kwenye rekodi. Tatizo lake ukitaka kiki ya asili, kiki ya jazi au ya kizamani, D6 haikupi, ina sauti yake na itabaki hiyo hiyo.

Ila zote tatu zimetengenezwa zikifikiria unaziingiza ndani ya ngoma au angalau mdomoni mwa tundu. Wewe huna tundu. Kwa hiyo hata ukinunua D6 ukaiweka pale pale ulipoweka 58 utapata besi nyingi ya kuvuma na nyundo hutaisikia. Hapo ndipo shida yako iko banange, si jina la maiki.

Boksi la maiki saba achana nalo. Ukigawa laki nane kwa saba unaona mwenyewe kila moja imebaki shilingi ngapi. Na ukipata Beta 52 ya bei ya kushangaza, ujue feki zipo nyingi sana. Mimi nilishapigwa mjini hapa, boksi zuri, stika zote, nikifungua nyumbani ndani waya mwembamba kama uzi wa kushonea.

DadaMawimbi (Arua)
Kaka Fada_Juu kabla hujatoa hata shilingi, fanya vitu viwili Jumamosi kwenye mazoezi, havina gharama.

Cha kwanza angalia kwenye hiyo chaneli kama kuna kitufe kimeandikwa 80 au 100 na alama ya kamstari kanakopinda. Kile kinakata besi. Kiki ya inchi 22 mzizi wake uko kama hertzi 50 mpaka 65 hivi, sasa kama kitufe kimebonyezwa wewe unatupa ngoma nzima halafu unalaumu maiki. Miksa ya kanisa kila mtu anagusa, mtoto wa sande skuli anagusa, nimeshakuta vitufe vyote 16 vimebonyezwa mtu alifikiri ni taa 😂

Cha pili, 58 imepunguzwa besi makusudi kwa sababu waliotengeneza walijua mwimbaji ataikaribisha mdomoni, na maiki ya namna hiyo ukiikaribia ndipo besi inaongezeka. Ukiiweka shibri moja kutoka kwenye ngozi besi haipo, fizikia tu. Isogeze mpaka vidole viwili, si katikati ya ngozi, kando kidogo, usikie tofauti. Haitakuwa kiki ya stediamu lakini utajua sabu yako inafanya kazi au la.

Kuhusu kununua, mimi ningewaza Beta 91A, ile bapa inayolala ndani ya ngoma juu ya blanketi. Haihitaji stendi, nyundo unaisikia kabisa. Lakini ni kondensa, aina ya maiki inayotaka fantomu ya 48V (umeme unaotoka kwenye miksa kupitia kebo) na kwenye miksa nyingi za analogi fantomu ni swichi moja ya chaneli zote, kwa hiyo shusha fada zote kabla ya kuwasha, la sivyo spika zitapiga kofi wazee waruke kwenye viti.

KeboNdefu (Kampala)
Dada 91A nzuri ila peke yake kwa sabu moja uwanjani itakuwa na nyundo nyingi na tumbo kidogo. Hiyo mimi naiweka pamoja na 52, mbili mbili. Kwa laki nane mbili hawezi.

DadaMawimbi (Arua)
Inategemea ngoma na blanketi. Kwangu peke yake imebeba mikutano mingi tu. Lakini sawa, kama ni moja na ni ya kudumu sitabishana na 52.

MzeePedali (Kasese)
Nyie mafundi mnaongea maiki maiki, mimi ni mpiga drams miaka mingi na sijasikia mtu akiuliza hiyo ngoma yenyewe inaliaje bila umeme. Simama mbele yake mita mbili, mwambie kijana apige. Kama hapo inasema tap, hakuna maiki duniani itakayoifanya iseme dum. Fungua skrubu za ngozi ya kupigwa zote mpaka zilegee za vidole, halafu kaza moja moja kwa kuvuka upande wa pili, mpaka mikunjo ipotee, ongeza robo mzunguko, basi. Ndani weka mto mmoja uguse ngozi ya nyuma kidogo tu. Mmoja! Nilikuta kanisa moja wamejaza magodoro na nguo za ubatizo.

Na huyo kijana aache kukandamiza nyundo kwenye ngozi kila akipiga, aiachie irudi.

Tundu: kama mchungaji hataki wembe mnunulie ngozi nyingine ya mbele isiyo na maandishi, toboa hiyo inchi 4 au 5 kandoni, si katikati. Ya dhahabu irudishe siku za harusi na wageni. Kubadilisha ni dakika kumi.

Fada_Juu (Busia)
Jamani. JAMANI. Kitufe kilikuwa kimebonyezwa. Nimetoka kanisani sasa hivi, nimekitoa, nikasogeza 58 vidole viwili, mlinzi wa getini amekuja mbio kuuliza kumedondoka nini. Sijui kimebonyezwa tangu lini, na hiyo chaneli nimeishika tangu mwaka juzi, aibu yangu.

Dada Mungu akubariki. Mzee tumelegeza na kukaza kama ulivyosema, ndani tumekuta mito mitatu na sweta la mtu.

Bado nyundo haisikiki kwaya ikianza, na nikipandisha gaini (nguvu ya maiki kwenye miksa) inaanza kuvuma uuuu. Nimejaribu kuweka maiki upande wa pedali, nyundo nimeipata lakini na snea, ile ngoma ndogo ya pembeni, imeingia yote na pedali inalia kwi kwi.

KeboNdefu (Kampala)
Pedali tia mafuta hiyo ni bure. Na ukiweka maiki mbili, moja mbele moja upande wa pedali, bonyeza kitufe cha fezi (kinachogeuza wimbi la sauti) kwenye moja, kwa sababu nyundo ikipiga ngozi inakimbia kutoka kwa maiki ya pedali na ngozi ya mbele inaijia ile nyingine, zinakatana besi inapotea. Kama miksa yako haina hicho kitufe tengeneza kebo moja fupi yenye pini 2 na 3 zimegeuzwa, uifunge utepe mwekundu usije ukaichanganya.

Kuvuma ni sabu. Iko wapi?

Fada_Juu (Busia)
Iko nyuma ya drams pale kwenye kona, kwa sababu mbele watoto wanaikalia.

DadaMawimbi (Arua)
😂😂 Kaka itoe hapo. Maiki yako inasikiliza sabu kuliko ngoma. Ilete mbele chini sakafuni, pembeni karibu na ukuta ndio inapata nguvu, watoto watafutie benchi. Na uwanjani usiipandishe juu ya lori hata kama inapendeza kwenye picha, chini kwenye udongo, kule hakuna ukuta wa kukusaidia besi.

Halafu ekolaiza, kama ile ya katikati ina kinobu cha kuzungusha masafa, kata kwenye hertzi 300 hadi 400 hivi, sauti ya jerikeni iko hapo. Nyundo iko kwenye elfu 3 hadi 4, ongeza kidogo tu.

Fada_Juu (Busia)
Sawa nimeelewa. Nimeongea na mchungaji leo baada ya ibada, ngozi ya pili amekubali, ya dhahabu anataka itundikwe ofisini kwake. Kwa hiyo ni ngozi yenye tundu na Beta 52A, mpiga drams amenuna kidogo kwa ajili ya D112 yake. Chenji ikibaki nanunua stendi fupi yenye kitako kizito maana hii ya sasa inatembea yenyewe kila wimbo wa haraka.

Mzee swali moja, tundu unatoboaje bila kuchana ngozi yote?

MzeePedali (Kasese)
Kopo la maziwa ya unga. Lipashe moto mdomo wake kwenye mkaa, likandamize kwenye ngozi mara moja uinue. Linakata mviringo safi na kingo zinajifunga zenyewe kwa joto. Shika na kitambaa kinene na fanyia nje, ile plastiki ikiungua inanuka vibaya.