Tupeane uzoefu: uliyepanda Amani, Usambara ya Mashariki, ulipita njia gani na ukaona nini?

Mzee wa Segera (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naona kila anayesema anaenda milimani anamaanisha Kilimanjaro, akijitahidi sana Lushoto, halafu ile Usambara ya upande wa Muheza tunaipita na basi tunanunua machungwa dirishani tunaendelea zetu Tanga. Mimi mwenyewe nimeipita hivyo miaka kumi na kitu. Mwaka jana mwezi wa nne nikasema liwalo na liwe, nikashuka Muheza na begi moja na raba nyeupe. Kumbukeni hizo raba.

Basi la Amani nikakuta limeshaondoka, nikachukua boda mpaka Sigi. Pale kwenye geti la hifadhi ya msitu wa Amani kuna lile jengo la Mjerumani, kumbe ilikuwa stesheni ya reli, walijenga reli ndogo kutoka Tengeni kuja kubeba mbao na mizigo ya Amani. Reli ilishang'olewa zamani, jengo ndo limebaki na wamelifanya sehemu ya kupokelea wageni. Nikalipia, nikaambiwa Amani juu ni kama kilomita saba na kitu, nikajiona kijana, nikamwambia boda rudi tu mimi natembea.

Ndugu zangu. Sigi iko kama mita 450, Amani inakaribia 900 na zaidi, kwa hiyo hizo kilomita saba si za Mbezi kwenda Kimara. Nusu saa ya kwanza freshi, msitu umefunga juu, mto unausikia chini huuoni, joto la Muheza bado liko mgongoni. Mara mvua. Si manyunyu, mvua ile ya kumwagwa na ndoo, na barabara ya udongo mwekundu ikawa sabuni. Nikaanguka mara ya kwanza nikacheka, ya pili sikucheka. Ya tatu nimekaa palepale chini natafakari maisha yangu, anakuja mama mmoja mtu mzima, mkungu wa ndizi kichwani, kandambili kazishika mkononi, peku. Akaniangalia zile raba akasema, "Vua baba, utavunjika. Hapa mtu anatembea na vidole." Nikavua. Akanionyesha, unakunja vidole vya mguu kama unakwaruza udongo, kisigino kinakuja mwisho, na usikanyage kwenye jani kavu maana chini yake ndo kuna utelezi. Nimefika Amani peku, raba nimezining'iniza shingoni kama mchezaji aliyefungiwa.

Usiku sasa. Nimelala nyumba ya wageni, umeme umekatika, saa nne hivi nikasikia kitu kinalia juu ya mti, kinaanza kama mlango unaokwaruza halafu kinapanda kinapanda mpaka kinakuwa mtu ananyongwa. Sijalala. Asubuhi mzee wa pale kacheka mpaka kakaa chini, kumbe ni perere, kamnyama kadogo hata sungura kamzidi kidogo tu.

Hebu na nyie leteni. Njia, vituko, na vya kuona jirani ukishashuka.

Mbondei Halisi

Mkuu umenichekesha ila umejitakia, nani anapanda Amani mwezi wa nne na raba nyeupe? Kule mvua ni karibu milimita elfu mbili kwa mwaka, na mwezi wa nne ndo zinamwagwa nyingi. Mimi nimekulia Kisiwani, hapo chini ya Sigi, acha niwasaidie wanaotaka kwenda.

Basi la Amani kutoka Muheza linaondoka mchana na linaondoka likijaa, ukifika stendi asubuhi sana utakaa, ukifika jioni ndo hivyo tena. Ukichukua boda elewaneni bei kabla hujapanda na mwambie kabisa unafika wapi, Bombani, Sigi au Amani juu, maana kuna mwenzangu alipatana bei ya Amani dereva akamshusha Sigi akasema "si ndo hapa pameandikwa Amani". Na kweli pameandikwa, bango la hifadhi liko pale, na Sigi ni ndani ya hifadhi hiyohiyo! Hifadhi inaanzia chini kabisa mita 190 mpaka 1,130, kwa hiyo ukisema "nipeleke hifadhi ya Amani" hujasema kitu.

Malipo getini siku hizi ni kontro namba, unalipa kwa simu, na mtandao wa pale unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa malaria. Weka salio la kutosha ukiwa bado Muheza.

Lingine, wengi wanapanda na barabara. Kuna vijia vya msituni kuanzia hapohapo Sigi, kimoja kinapita kwenye bustani ya viungo, unaonyeshwa mdalasini, pilipili manga, karafuu, iliki ikiwa bado shambani. Chukua muongozaji. Siyo kwa sababu ya simba, simba hakuna, ni kwamba vijia vinagawanyika na vyote vinafanana.

Kiroboto_Tz

Hapo kwenye muongozaji ndo huwa nabishana na watu. Nilienda na jamaa zangu wawili, tukalipia kiingilio, tukalipia mtu, tukatembea saa tatu, mnyama tuliyemwona ni kima mmoja kwa mbali na konokono. Mtu anatoka Dar zaidi ya kilomita 300 kuja kuona konokono?

Ticha Makorora

Kiroboto wewe ulienda Amani ukitaka Serengeti, ndo tatizo. Kule unatakiwa kuinama au kuangalia juu, katikati hakuna kitu lol.

Mimi nafundisha, nimepeleka wanafunzi mara tatu. Mara ya kwanza na mimi nilikuwa kama Kiroboto, nikawa naona aibu mbele ya watoto maana niliwaahidi wanyama. Muongozaji wetu, kijana mpole tu, akasimamisha darasa zima mbele ya kichaka, akasema kuna mnyama hapa mwenye pembe tatu, atakayemwona anyooshe mkono. Watoto thelathini kimyaaa. Dakika mbili nzima. Kinyonga alikuwa kwenye usawa wa pua yangu mimi mwalimu! Dume, pembe tatu zimetoka mbele kama faru wa kuchorwa, jicho moja linaniangalia mimi lingine linaangalia watoto. Kinyonga huyo hata jina lake la kisayansi limetokana na Derema, kijiji cha hapohapo. Hata wale wababe wa nyuma ya darasa walinyamaza.

Halafu kuna vipepeo. Wanavijiji wa kule walianza kufuga vipepeo miaka ya 2000 mwanzoni, wakawa wanalea kwenye vibanda vya neti, wanauza wakiwa bado buu ndani ya ganda, vikawa vinasafirishwa kwenda kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani. Shangazi yangu alisomeshea mtoto kwa vipepeo, ukimwambia mtu haamini. 2016 usafirishaji wa wanyama hai nje ulipopigwa marufuku na vipepeo navyo vikaingia humohumo na tembo na twiga. Kibanda cha shangazi siku hizi kina kuku.

Dada wa Iliki

Nimeona Derema imetajwa nikaona nisipite kimya.

Baba yangu alikuwa na shamba la iliki upande huo. Kwa wasiojua, iliki haitaki jua, unailima chini ya miti mikubwa, unafyeka vichaka vya chini miti unaiacha, ukisimama barabarani unaona msitu tu kumbe chini ni shamba. Kuchuma unachuma umechuchumaa, punje zinakaa karibu na ardhi kabisa, tena huchumi zote, unachagua zilizokomaa na unarudi tena wiki zinazofuata. Mgongo wa mama ulipindia huko. Jioni zinakaushwa juu ya moto mdogo, nyumba nzima, nguo, madaftari, vyote vinanuka iliki. Sekondari bwenini wenzangu walikuwa wanafungua sanduku langu kunusa tu.

Baadaye ikaamuliwa Derema iwe ushoroba wa kuunganisha misitu miwili, wakulima wakatoka na wakalipwa fidia kwa kuhesabiwa mashina. Sitaki kufungua hilo jeraha hapa, baba alisema alichosema na ameshatangulia. Ila mwaka juzi nilienda kama mgeni, nimelipa kiingilio kama nyie, nikapita kwenda maporomoko ya Derema. Katikati ya msitu nikaona majani marefu ya iliki yamejiotea yenyewe, hakuna anayeyachuma. Nilichuma punje moja nikaitafuna. Najua hairuhusiwi kuchuma kitu, mnisamehe.

Njia yenyewe kwa anayetaka: ukiwa Amani juu unapita kwenye chai, Monga mpaka Derema, ni matembezi ya nusu siku kwa mtu asiye na haraka. Anza asubuhi. Chai ikiwa na umande na jua ndo linatoka, utaelewa kwa nini wazee wetu walikuwa wabishi kuhama.

Mzee wa Segera (mleta uzi)

Dada wa Iliki pole na asante. Mama yule wa ndizi nilimuuliza anatoka wapi, akasema Shebomeza.

Msambaa Ughaibuni

Onga mshi wandugu! Nawasoma nikiwa Ujerumani, huku ni usiku na theluji inaanguka.

Kisa changu kimeanzia huku. Mwaka wangu wa kwanza jirani yangu bibi mzee alikuwa na vyungu vya maua dirishani, maua madogo ya zambarau, majani yana manyoya laini kama sikio la sungura. Akaniuliza natokea wapi, nikasema Tanzania, sehemu inaitwa Usambara. Bibi akapiga makofi, akanivuta mpaka dirishani: "Usambaraveilchen!" Mimi Msambaa mzima nilikuwa silijui ua la kwetu, yeye anayo saba. Nikaenda kusoma. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani upande wa Tanga anaitwa von Saint Paul-Illaire aliyaona, mbegu zikapelekwa kwao, wakayapa jina la ukoo wake, Saintpaulia, leo yanauzwa kwenye supamaketi karibu na nyanya.

Nilipoenda likizo nikasema lazima niyaone kwao. Muongozaji akanipeleka Sigi kwenye mwamba wenye kivuli karibu na maji. Yalikuwa matatu tu, madogo, yamejibana kwenye ufa wa jiwe, wala hayajachangamka kama ya bibi. Nilimtumia picha. Akajibu kwamba yanahitaji mbolea.

Na mkiwa juu msiache ile bustani ya miti, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 wakaleta miti ya dunia nzima kujaribu. Mingine ilikataa kurudi kwao haha, kuna mmoja unaitwa Maesopsis umetapakaa mpaka ndani ya msitu wa asili, hondohondo wanakula matunda yake na kutupa mbegu kila kona. Ukisikia juu kama helikopta mbovu inapita, ni yeye hondohondo, mabawa yake yana kelele hivyo.

Mama Nuru Chumbageni

Mmesahau vya jirani, mleta uzi aliuliza. Sisi familia hatuna magoti ya kupanda, tunafanya hivi: siku ya kwanza Magoroto, pia unapandia Muheza, kuna msitu, ziwa la kuchimbwa, michikichi ya zamani, watoto wanapiga kasia mpaka wachoke. Siku ya pili tunashuka Tanga, mapango ya Amboni, hayako mbali na mji, ndani kuna giza la kushikika na popo, nenda na tochi yako na viatu vya kufunga. Ukitoka hapo kuna chemchemi ya maji ya moto ya Galanos, inanuka yai viza lakini wazee wa magoti wanaisifu. Mwenye nguvu aende Tongoni kuona msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili. Halafu jioni mishikaki Raskazone, upepo wa bahari, basi.

Nasikia watu wanasema Magoroto ni ya kupigia picha tu. Sawa. Nimepiga picha, na mlima Mlinga nimeuona vizuri kabisa nikiwa nimekaa.

Kiroboto_Tz

Haya nimeelewa, nilienda vibaya. Mtu akitaka kurudi aende mwezi gani na alale wapi?

Mbondei Halisi

Mwezi wa sita mwishoni kwenda wa tisa barabara ina nafuu, ila beba sweta, usiku juu kuna baridi wewe mtu wa Dar utailalamikia. Januari na Februari pia pazuri. Nyumba za wageni ziko Sigi na Amani juu, piga simu kabla kwa sababu watafiti wakija wanajaza. Lala usiku mmoja Sigi na mmoja juu, asubuhi panda kilima cha Mbomole uangalie mabonde, halafu shuka kwa mguu badala ya kupanda, magoti yatalalamika lakini mapafu yatashukuru.

Tena nimepita Jumanne, kuanzia Bombani mpaka Kisiwani kuna sehemu mbili gari dogo haliwezi, maji yamekula upande wa kushoto. Noah moja ilikuwa imelala pale tangu juzi yake. Boda zinapita.

Mzee wa Segera (mleta uzi)

Basi mimi na Kiroboto tumeshaongea pembeni, tunaenda mwezi wa saba. Nimemwambia aje na viatu anavyotaka, atavivua tu.