ATI KINGA YANGU IMELALA? Huyu wa manjano leo kanivua nguo, stendi nzima ikicheka

Mshenga Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, mkiona herufi zimeruka msinisahihishe.

Simtaji. Sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kusubiri gari stendi ya Makumbusho anamjua: anauza maji ya kiungo cha manjano, eti yanaamsha kinga ya mwili, spika begani, meza ya chupa za njano, sauti unaanza kuisikia ukiwa bado Victoria.

Leo saa tatu asubuhi nimevaa kanzu nyeupe. Mpya. Nimeipiga pasi ya mkaa maana umeme haukuwepo. Naenda Tegeta kupeleka posa ya mdogo wangu, mshenga ni mimi, barua iko mfukoni imefungwa kwenye leso. Nikapiga chafya. MOJA. Na lile vumbi, nani hapigi chafya pale?

Jamaa akanyamaza katikati ya tangazo lake. Spika ikakoroma. Halafu akaninyooshea kidole: "Mwoneni yule baba wa kanzu. KINGA YAKE IMELALA!"

Stendi nzima ikageuka. Konda aliyekuwa anagombea mia mbili na abiria akasitisha ugomvi ili anitazame vizuri. Mama wa maandazi alicheka mpaka akashikilia ndoo. Nadhani hata ndege inayotua uwanjani ilipunguza mwendo.

Imelala! Mimi! Miaka 44 sijawahi kulazwa hata siku moja!

Hakuishia hapo. Kaja na kifuniko kimejaa maji ya manjano, kanisogezea mdomoni, "meza baba, iamke." Nikaupangua mkono wake. Kifuniko kikapinduka, yote kifuani. Ramani ya Afrika, wakuu, na Madagaska yake pembeni. Mnadhani alisema pole? Akarudi kwenye spika: "Mnaona? Dawa inajua yenyewe pa kwenda."

Nikashuka Afrikana nikaomba maji na kipande cha sabuni ya mche. Nasugua, doa linageuka JEKUNDU. Kama damu. Kadiri ninavyosugua ndivyo linavyozidi. Nimefika kwa watu, mzee wa nyumba akanitazama kifuani, akauliza kwa upole, "Njiani mlichinja?" Barua wameipokea kwa ncha za vidole.

Namtaka aniombe radhi kwa spika ileile. Mods, msiuunganishe huu na ule uzi wa waganga.

Jongoo Treni

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Naye kinga yake ilikuwa imelala.

Binti Keko

Pole kaka. Ila kanzu nyeupe, Makumbusho, saa tatu asubuhi. Ulikuwa unamjaribu Mungu.

Mshenga Mstaafu

Binti Keko, ishu si kanzu. Kasema IMELALA. Kwenye spika.

Ticha Chokaa

Hilo doa jekundu si uchawi. Manjano ni kama karatasi ya litimasi, ile ya maabara inayobadili rangi. Ikikutana na kitu chenye besi, kinyume cha asidi, iwe sabuni ya mche, magadi au maji ya majivu, inageuka nyekundu ya kutu. Kamulia limau, itarudi njano. Kisha fua na uanike juani, rangi ya manjano haistahimili mwanga. Wanafunzi wangu wangejua hili wangeacha kufua sare jioni.

Mshenga Mstaafu

Ticha, haya unaniambia saa mbili usiku? Posa nimepeleka asubuhi!

Mfamasia wa Zamu

Na mimi nimekasirika, ila kwa sababu nyingine: jamaa kakosea hata tusi lenyewe. Chafya ya vumbi ni mwili kujilinda, unatimua vumbi puani, si dalili ya kinga kulala. Wengine yao iko macho kupita kiasi, inapigana na vumbi kana kwamba ni jambazi, ndiyo aleji hiyo.

Halafu kichekesho. Kile kiini cha njano, kurkumini, kwenye vyombo vya maabara kinachoonekana kufanya zaidi ni kutuliza uvimbe, yaani kuzipoza zile ishara zinazoita askari wa mwili. Kama kweli kingefanya kazi ndani yako kama kwenye maabara, kingekuwa kinaibembeleza hiyo kinga ilale. Yeye anauza kengele ambayo ni mto wa kulalia.

Nimesema "kama" kwa sababu unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, na utumbo hauipokei vizuri. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini yenyewe, kwenye damu ikaonekana kiduchu. Wakaongeza miligramu 20 za piperini, ile ya kwenye pilipili manga, ufyonzwaji ukapanda kwa asilimia 2000. Na 2017 wanakemia wa Marekani walipitia tafiti za kurkumini, majaribio ya binadamu yakiwa yameshazidi 120. Hawakuona hata moja, katika yale ya kupima dawa dhidi ya kidonge kitupu kisicho na dawa pasipo mtu kujua kapewa ipi, lililofaulu.

Jongoo Treni

Mshenga, umesikia? Ulitakiwa umwambie "iko macho kuliko wewe" ukaondoka zako.

Mshenga Mstaafu

Ningejua! Nimesimama pale kama mnazi. Watu sitini wananitazama. Imelala!

Binti Keko

Sasa wamekuwa sitini. Kesho watajaza uwanja wa Mkapa.

Kiroba cha Mpunga

Mfamasia, nyie wa vidonge hamkosi la kusema. 2020 wakati wa korona tulijifukiza, tukanywa tangawizi na malimau, tupo hapa tunachati. Wazee wetu walikuwa wajinga?

Mfamasia wa Zamu

Bibi yako manjano aliitia kwenye samaki wa nazi na akamsinga nayo bibi harusi. Hakuwahi kushika spika. Itie kwenye mchuzi kadiri upendavyo, nani kakukataza? Mimi nasemea chupa na vidonge vilivyokolezwa. 2019 Italia walitoa tahadhari baada ya watu kupata homa ya ini wakiwa wanatumia vidonge vya manjano. Na kama mzee wako yuko kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse hizo chupa kabla ya kumuuliza daktari wake, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Nanga Baharini

Mnahangaika bure. Sisi ndio watu tuliopanga foleni za kilomita Loliondo 2011 kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Mtu mwenye meza na spika atatushindwa vipi?

Kiroba cha Mpunga

Baba mdogo alikwenda. Gari lilikwama njiani siku tatu. Mpaka leo anatudai nauli.

Mama Wawili

Nyie mnalia na kanzu. Mimi nina mwenye nyumba, simtaji, umeme wa LUKU tunachangia vyumba vinne na yeye ana friji mbili na anauza barafu! Nikimwambia, ananiuliza pasi yangu ina wati ngapi.

Nanga Baharini

Barafu anauza shilingi ngapi?

Mama Wawili

Mia mbili. Na mimi nanunua, nifanyeje?

Jongoo Treni

Unalipia umeme wa barafu halafu unainunua. Dada, wewe ndiye kinga imelala.

Mshenga Mstaafu

Jamani uzi wangu.

Binti Keko

Hivi mnaposema manjano si ndiyo binzari? Sisi nyumbani tunaita binzari.

Kiroba cha Mpunga

Binzari ni mchanganyiko wa kwenye mchuzi. Manjano ni manjano.

Nanga Baharini

Wote mmepotea. Kuna binzari ya njano, na kuna binzari nyembamba ya pilau. Nenda Kariakoo useme "nipe binzari" tu, uone muuzaji atakavyokuuliza maswali kama uhamiaji.

Mama Wawili

Nyembamba ndiyo ya pilau, kweli. Ingawa kuna mtu, sisemi nani, yuko upande wa mume wangu, anatia manjano kwenye pilau.

Ticha Chokaa

Kwenye nini?

Mama Wawili

Pilau.

Binti Keko

Huo ni wali wa njano, usitutukanie pilau.

Nanga Baharini

Pilau rangi yake inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa kikaiva vizuri. Ukiona njano, ujue mpishi kakimbia moto.

Mshenga Mstaafu

Mrejesho: nimekamulia limau, Ticha yuko sahihi, imerudi njano. Kesho naianika. Lakini bado sijasahau, mtu mzima na heshima zangu, mbele ya konda, ati imela

Jongoo Treni

Mkuu subiri kidogo, hapa kuna jambo zito la pilau.

Mshenga Mstaafu

Pilau ina nini?

Binti Keko

Mama mkwe wa Mama Wawili anatia manjano.

Mshenga Mstaafu

Manjano kwenye PILAU? Na watu wanakula?

Mama Wawili

Na karoti.