Cheki tatu, miaka miwili kila moja: shemeji anakaa miwili au sita?

MwanaNgamiani: Habarini wakuu. Shemeji yangu anauza vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Alichukua saruji kwa muuzaji wa jumla akamwandikia cheki tatu, zote zikarudi, akaunti haina kitu. Jumatatu mahakama ya wilaya imemtia hatiani kwa makosa matatu ya kujipatia mali kwa udanganyifu, miaka miwili kila kosa. Yuko gereza la Maweni. Dada analia ni sita. Jirani mmoja anayejiita mwanasheria (ni dalali wa viwanja) anasema ni miwili tu. Nani mkweli?

KaraniMstaafu: Pole sana. Hakimu alitamka kwamba adhabu zitatumikiwa kwa pamoja?

MwanaNgamiani: Dada anasema alisoma miaka akanyanyuka.

KaraniMstaafu: Basi kwa sasa ni sita. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka vifungo vifuatane, kimoja kikiisha kingine kianze, mpaka mahakama iamuru vinginevyo. Hakimu akinyamaza, anayeumia ni mfungwa. Lakini chukueni nakala ya hukumu kwanza, masikio ya mtu anayelia hayashiki kila neno.

Chumbageni_Boy: Rufaa, mkuu! Kusudio, yaani taarifa ya kutaka kukata rufaa, ni ndani ya siku 10 tangu hukumu, na mfungwa analipitisha kwa mkuu wa gereza hukohuko. Sababu za rufaa siku 45, siku za kungoja nakala hazihesabiwi. Ila nijibu: saruji ilikuwa mzigo mmoja? Deni moja lililogawanywa cheki tatu ni muamala mmoja, na hapo majaji kwa kawaida huziunganisha adhabu. Kama alichukua leo, akarudi tena mwezi ujao, hoja inalegea.

BinPongwe: Wahindi wana kosa la cheki peke yake, kifungu cha 138, jela hadi miaka 2. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu yao, kwenye kesi iliyotoka Haryana, iliunganisha vifungo vya cheki za muamala mmoja. Kifungo cha kushindwa kulipa faini hawakukiunganisha. Haiifungi mahakama yetu, wakili anaweza kuitaja tu.

MwanaNgamiani: Mzigo ulikuwa mmoja, lori moja. Hati ya kupokelea mzigo ipo.

KaraniMstaafu: Ipo nyumbani au ilipokelewa mahakamani? Rufaa haipokei ushahidi mpya kirahisi.

MwanaNgamiani: Waliileta upande wa mashtaka wenyewe, kielelezo P2.

KaraniMstaafu: Hiyo ndiyo hoja yenu. Kesho asubuhi gerezani, kusudio lisainiwe. Na huyo dalali msimpe hata mia.